Kutenga gameti za kiume kutoka kwenye chavua: mshtuko wa osmosisi, pipeti au mashine ya leza?

Ukiponda chavua nzima ya mahindi, ukatoa RNA yake (nakala za jeni zinazofanya kazi) na kuipeleka kusomwa, data utakayorudishiwa itakuwa karibu yote ni habari za seli moja: seli ya mrija, ile kubwa inayoijaza punje kwa wanga na saitoplazimu. Gameti mbili za kiume, yaani seli za uzazi, zimo humohumo ndani yake, ndogo, saitoplazimu yao kiduchu, na RNA yao inamezwa na ya mwenyeji wao. Anayetaka kujua ni jeni zipi zinafanya kazi kwenye gameti, au DNA yake imewekewa alama gani, hana budi kuzitoa humo kwanza.

Namna za kuzitoa ni kadhaa na kila moja ina watetezi wake. Mipango mingi ya utafiti huanza na mashine: maabara ina leza, yaani mashine inayotambua na kutenga seli kwa mwanga wa leza, basi kazi itafanywa kwa leza; haina, basi kazi haiwezekani. Naona huko ni kuanzia mwisho. Inayotangulia ni molekuli unayoitaka, kisha mmea ulio nao, na chombo kinafuata nyuma. Ukipanga hivyo, mara nyingi utakuta njia ya bei nafuu inakutosha. Mara chache utakuta hakuna ujanja, lazima leza.

Ukuta, na seli zilizomo

Ukuta wa nje wa punje ya chavua, yaani eksini, umejengwa kwa sporopolenini, mojawapo ya vitu sugu zaidi ambavyo mmea hutengeneza. Chavua za maelfu ya miaka huopolewa kwenye tope la chini ya Ziwa Viktoria zikiwa bado na umbo lake, na wataalamu huzitumia kujua misitu ya zamani ilikuwaje. Vimeng'enya vya kula selulosi na pektini, vinavyovua ukuta wa seli za jani ndani ya saa chache, haviigusi eksini. Vinachofanikiwa kula ni intini, ukuta wa ndani, tena kwa kupenya kwenye vitundu vilivyomo kwenye eksini. Kwa hiyo milango ni mitatu tu: uifanye punje ipasuke yenyewe, uivunje kwa nguvu, au uiache ichipue ili vilivyomo vitoke kwa kupitia mrija, ambao ukuta wake hauna sporopolenini.

Mlango upi ukufae, hilo linategemea mmea. Mwaka 1967 James Brewbaker alichapisha mapitio ya takriban spishi 2,000 za mimea inayotoa maua, na ikaonekana kwamba kama saba katika kila kumi humwaga chavua ikiwa na seli mbili tu: seli ya mrija na seli zalishi. Seli zalishi hugawanyika baadaye, ndani ya mrija unaoshuka kuelekea ovari, ndipo gameti mbili zinapopatikana. Nyanya, tumbaku na lili zimo kundi hili. Waliobaki, wakiwemo mahindi, mpunga, ngano, shayiri, kabichi na kale kagugu maarufu ka maabara kaitwako Arabidopsis, humwaga chavua ikiwa tayari na gameti zote mbili ndani. Ukivunja chavua ya nyanya ukitafuta gameti, utatafuta mpaka jioni, hazijazaliwa.

Jambo jingine linalosahaulika: katika mimea mingi gameti hizo mbili zimeshikana, na mojawapo imejishikiza kwenye kiini cha seli ya mrija. Zinasafiri zote pamoja mrijani. Ukizitoa kwa upole kupita kiasi zinatoka zimeshikana vilevile, na hapo umeshajichafulia sampuli kabla hujaanza. Na seli ya mrija yenyewe usiiwekee matumaini ya kuipata hai. Punje ikipasuka, hiyo imekwisha, kinachobaki kwake ni kiini.

Seli nzima au kiini tu?

Hili ndilo swali linaloamua zaidi ya nusu ya mambo.

Kama unatafuta RNA zilizokwisha kukomaa na kukaa kwenye saitoplazimu, au protini, au unataka kuirutubisha seli ya yai kwenye sahani, unahitaji gameti nzima yenye utando wake. Kama unatafuta alama za methili (vikundi vya kemikali vinavyobandikwa) kwenye DNA, histoni (protini ambazo DNA huzizungukia), namna kromatini (DNA pamoja na protini hizo) ilivyofungwa, au ramani ya jinsi kromosomu zilivyobadilishana vipande, kiini kinatosha, na kiini ni kivumilivu kuliko seli. Hakipasuki kwa tofauti ndogo ya sukari. Kinastahimili sabuni. Mara nyingi unaweza kukitoa hata kwenye chavua iliyogandishwa, jambo ambalo huwezi kuliota kwa gameti hai.

Tofauti hii inaonekana kwenye bafa, yaani mmumunyo wa kutolea seli au viini. Bafa ya Galbraith, iliyochapishwa mwaka 1983 na inayotumiwa hadi leo kutolea viini vya mimea, ina kloridi ya magnesi, sitrati ya sodiamu, MOPS na asilimia 0.1 ya Triton X-100. Triton ni sabuni; inayeyusha utando wa seli na kuviacha viini vikielea. Protokali yoyote yenye Triton si ya seli hai, hata ikiitwaje. Bafa za gameti hai zimejaa sukari, boroni na kalisi, wala hazina sabuni.

Mshtuko wa osmosisi na Percoll

Hii ndiyo njia ya wakongwe, na kwa nafaka bado ndiyo ningeanza nayo. D. D. Cass alichapisha uchunguzi wa gameti za shayiri zilizotolewa kwenye chavua mwaka 1973. Mwaka 1986 Scott Russell alionyesha jinsi ya kuzitoa kwa wingi kutoka kwenye Plumbago zeylanica, kichaka chenye maua meupe kinachoota hata huku kwetu Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya mahindi.

Mahindi yanapendeza kwa kazi hii kwa sababu chavua ni nyingi na punje ni kubwa, kipenyo chake mikromita 80 hadi 100. Umande ukishakauka, mbelewele hutikiswa ndani ya mfuko wa karatasi. Chavua nzuri ni ya njano na inamiminika kama mchanga mkavu. Ikigandamana kwenye kidole imepata unyevu, na itapasuka ovyo kabla hujafika mezani. Kuanzia hapo saa inakimbia, maana chavua ya mahindi hudumu saa chache. Ya mpunga ndiyo balaa, hufa ndani ya dakika chache tu baada ya kutoka kwenye chavulio, kwa hiyo anayefanya mpunga huandaa bafa zake zote kwanza, akaziweka kwenye barafu, ndipo akaguse ua.

Chavua ikishachekechwa kuondoa makapi ya maua, inamwagwa kwenye mmumunyo wa sukrosi ulio mwepesi kuliko utomvu wa ndani ya punje. Maji yanaingia kwa osmosisi, shinikizo linapanda, na punje inapasukia kwenye kitundu chake. Chavua za jamii ya nyasi zina kitundu kimoja tu. Chini ya hadubini unaona wingu la chembe za wanga likiruka nje, na katikati ya wingu hilo, ukiwa na bahati ya kulenga vizuri, vitu viwili vyembamba vyenye ncha. Hizo ndizo gameti. Muda si mrefu zinapoteza ule urefu na kuwa duara, kwa sababu kilichokuwa kikizibana hakipo tena.

Ugumu wote uko hapo: maji yanayotosha kuipasua punje yasitoshe kuipasua gameti. Kiwango cha sukrosi, ambacho kwa mahindi huzungukia asilimia 15, hutafutwa upya kwa kila aina ya mbegu, na hata kwa aina ileile hali ya hewa ikibadilika, kwa kuwa chavua iliyokaa juani haina maji sawa na ya asubuhi ya mawingu. Usiiamini namba ya kwenye karatasi ya mtu mwingine. Weka mimumunyo minne au mitano inayopishana kidogo, tia chavua kidogo kwenye kila mmoja, kisha hesabu punje zilizopasuka na gameti zilizobaki nzima.

Baada ya hapo ni kuchuja kwa nailoni yenye matundu madogo kuliko punje ili maganda yabaki juu, halafu Percoll. Percoll ni chembechembe za silika zilizopakwa polima. Hazivuti maji kutoka kwenye seli jinsi sukari nzito inavyofanya. Unapanga tabaka za uzito tofauti kwenye mrija wa sentrifuji, unamimina mchujo wako juu taratibu, unazungusha kwa baridi. Wanga unazama chini kabisa, mafuta na vipande vya utando vinabaki juu, na gameti zinakaa kwenye mpaka wa tabaka, utepe mweupe hafifu ambao mgeni anaweza kuupita asiuone. Unaunyonya kwa pipeti yenye mdomo mpana, unaosha, unazungusha tena.

Kwa siku moja ya kazi njia hii inakupa gameti nyingi kuliko pipeti, bila mashine yoyote zaidi ya sentrifuji yenye baridi na rota inayoning'iniza mirija. Udhaifu wake ni usafi. Saitoplazimu yote ya seli ya mrija imemwagika kwenye bafa hiyohiyo, pamoja na RNA yake na vimeng'enya vinavyokula RNA, na sehemu yake inang'ang'ania kwenye utando wa gameti. Kwa protini nyingi za kuchunguzwa kwa jumla, sawa. Kwa RNA, utahitaji kuosha zaidi, kufanya kazi kwenye barafu mwanzo hadi mwisho, na kuwa na njia ya kupima uchafu, ambayo nitaieleza mwishoni.

Arabidopsis haikubali kirahisi. Punje zake ni ndogo na ngumu, kwa hiyo watu huzitikisa na shanga ndogo za kioo mpaka zipasuke. Kwa viini kuna njia nzuri zaidi iliyoandikwa na Paul Kron na Brian Husband mwaka 2012: chavua inapitishwa kwenye chujio la matundu mapana linalozuia takataka, inanaswa kwenye chujio la pili lenye matundu madogo kuliko punje, kisha inasuguliwa juu ya chujio hilo mpaka ipasuke, viini vinapita chini na maganda yanabaki. Machujio mawili, kijiti cha kusugulia chenye ncha butu, na matone ya bafa. Kwa kazi ya viini peke yake, naiona hii ni bora kuliko shanga: vipande vya eksini vinavyopita chini ni vichache, na vipande hivyo ndivyo vinavyokuja kukutesa kwenye leza.

Kuotesha mrija kwanza

Ukiwa na nyanya, tumbaku au lili, huna hiari. Kwa seli zalishi unaweza kuivunja chavua yenyewe au kuiotesha kwa muda mfupi. Kwa gameti lazima mrija ukue mpaka seli zalishi igawanyike. Chakula cha kuoteshea kinajulikana tangu mwaka 1963, mchanganyiko wa Brewbaker na Kwack: sukrosi asilimia 10, na kwa kila lita miligramu 100 za asidi ya boriki, 300 za nitrati ya kalisi, 200 za salfati ya magnesi na 100 za nitrati ya potasiamu. Karibu kila maabara imeubadilisha kidogo, lakini ndio msingi.

Tatizo ni kwamba kwenye sahani mirija mingi husinzia kabla seli zalishi haijagawanyika. Mwaka 1988 Shivanna na wenzake walielezea njia ya kati: ua linachavushwa kama kawaida, mirija inaachwa ishuke ndani ya pistili (sehemu ya kike ya ua), halafu pistili inakatwa na kusimamishwa kwenye chakula. Mirija inajitokeza kwenye sehemu iliyokatwa. Mirija ya namna hiyo imepita kwenye tishu za ua kweli, na gameti zake ziko karibu zaidi na zilivyo wakati wa kurutubisha. Kisha mshtuko wa osmosisi, ukisaidiwa na vimeng'enya kidogo, unaipasua ncha ya mrija. Wingi ni mdogo, kazi ni ya kuchosha, na kila ua linaleta mirija michache. Ila ukiwa na swali kuhusu gameti iliyo tayari kurutubisha, hakuna cha kuibadilisha.

Lili ni kisa cha peke yake. Chavua yake ni kubwa, inapatikana madukani mwa maua, na seli zalishi zake hutoka kwa wingi. Ni kutoka kwenye seli hizo ndipo kundi la Toshiyuki Mori huko Japani lilipoipata jeni ya GCS1, wakaitangaza mwaka 2006. Wengine huiita HAP2. Bila protini hiyo gameti ya kiume haiwezi kuungana na ya kike. Miaka miwili baadaye ikaonyeshwa kwamba vimelea vya malaria, Plasmodium, wanayo protini ya jamii hiyohiyo na wanaihitaji kwa urutubishaji wao ndani ya mbu, na tangu hapo inatafutiwa chanjo ya kuzuia malaria isivuke kutoka mtu hadi mbu. Mtu akikuuliza kwa dharau kazi ya kukamua chavua za maua ya harusini ni ya nini, mpe hicho kisa.

Pipeti ya kioo

Hapa unakaa kwenye hadubini iliyogeuzwa, una kapilari ya kioo iliyovutwa mpaka mdomo wake ni mikromita chache tu, na unanyonya gameti moja baada ya nyingine. Huko Hamburg, Erhard Kranz na Horst Lörz walizitumia gameti zilizochaguliwa hivyo kuunganisha gameti ya kiume na yai la mahindi kwa umeme mwaka 1991, na mwaka 1993 wakatangaza kwamba mayai yaliyorutubishwa kwenye sahani yamekua hadi mimea mizima yenye rutuba.

Kwa usafi hakuna njia inayoifikia hii. Unachochukua umekiona. Unaweza kuihamisha gameti kwenye tone la bafa safi, kisha tone la pili, la tatu, mpaka mabaki ya seli ya mrija yameoshwa kabisa. Na kwa kuwa siku hizi RNA ya seli chache, hata moja, inaweza kuongezwa nakala na kusomwa, ule ubishi wa zamani kwamba pipeti haitoi nyenzo za kutosha umepungua makali. Kwa methili au histoni, ambazo bado zinahitaji viini vingi, ubishi uko palepale.

Kuna kazi ambazo pipeti inazifanya na mashine inababaika. Kwenye Plumbago gameti mbili hazifanani: moja ina plastidi nyingi (viungo vya seli vya jamii ya kloroplasti) na nyingine imejishikiza kwenye kiini cha mrija. Russell alionyesha mwaka 1985 kwamba ile yenye plastidi ndiyo inayokwenda kwenye yai karibu kila mara. Kuzitenga mbili hizo ili kila moja isomwe RNA yake, mtu anazitazama tu na kuchagua.

Gharama ya kweli ni mkono. Inahitaji mtu mmoja mwenye subira ambaye atajifunza kwa wiki nyingi, na akimaliza shahada yake anaondoka na ujuzi wote. Maabara inayochagua njia hii ifundishe wawili.

Mashine ya leza

Saitometa inayotenga seli, inayofahamika kwa kifupi FACS, hupitisha seli au viini kimoja kimoja mbele ya leza, hupima mng'ao wa kila kimoja, na kukitupa kikiwa ndani ya tone lenye chaji kwenye chombo kinachostahili. Kabla hujafurahi kwamba chuo jirani kinayo, uliza kama yao inatenga au inahesabu tu. Saitometa nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya kupima damu; zinahesabu vizuri sana na hazitengi kitu.

Mashine hii ndiyo iliyofungua mlango wa Arabidopsis. Kundi la Sheila McCormick huko California, pamoja na wenzao wa Lyon, lilikuwa limeshaitumia kwa mahindi na kutangaza mwaka 2003 vipande zaidi ya 5,000 vya RNA za gameti, jambo lililowanyamazisha waliodhani gameti ya mmea ni kifurushi cha DNA tu kisicho na kazi nyingine. Kwa Arabidopsis, Filipe Borges na wenzake wa Ureno walitumia mimea iliyopandikizwa protini ya kijani inayong'aa ndani ya gameti tu, wakachapisha orodha ya jeni zake mwaka 2008. Mwaka 2009 Keith Slotkin na wenzake, kwa kutenga kwa leza, wakakuta kwamba transposoni (vipande vya DNA vinavyoweza kuhamahama) ambazo mmea huzifunga kila mahali huachiwa kwenye kiini cha seli ya mrija, ilhali RNA ndogo za herufi 21 zinazotokana nazo zilikutwa kwenye gameti. Matokeo kama hayo hayangepatikana kwa Percoll, kwa sababu yanategemea kuwa na uhakika kwamba viini vya mrija na vya gameti havijachanganyika.

Ubaya wake unaujua ukishaingia chumbani. Eksini inang'aa yenyewe chini ya leza, na vipande vyake vinajipenyeza kwenye kundi unalolitaka. Mdomo mwembamba na shinikizo kubwa vinazipasua gameti hai. Punguza kasi au hesabu hasara. Kila tone linabeba maji ya mashine, kwa hiyo gameti elfu kadhaa zinafika zikiwa zimezimuliwa. Wanaotaka RNA huzidondoshea moja kwa moja kwenye kemikali ya kuyeyushia seli. Na mimea inayong'aa ipo tayari kwa Arabidopsis, ila kwa mtama au muhogo wako haipo.

Kwa hilo la mwisho kuna njia ya kuzunguka. Mwaka 2015 Vera Schoft na wenzake walionyesha kwamba viini vya chavua ya Arabidopsis vikitiwa rangi ya SYBR Green, vya gameti na vya seli ya mrija vinajitenga vyenyewe kwenye kioo cha mashine, bila mmea wowote uliobadilishwa jeni. Ni viini lakini, si seli. Kwa mazao yetu, ukitafuta methili, hapo ndipo ningeanzia.

Njia ya sumaku naitaja kwa ufupi. Roger Deal na Steven Henikoff waliitangaza mwaka 2010: utando wa kiini cha seli unayoitaka unawekewa bayotini kwa njia ya jeni zilizopandikizwa, kisha viini vinanaswa na shanga za sumaku zenye streptavidini, protini inayoing'ang'ania bayotini. Haihitaji leza. Inahitaji mmea uliopandikizwa, na chavua bado lazima uivunje wewe mwenyewe.

Ningechagua ipi

Una mahindi au mtama na unataka orodha ya RNA za gameti: mshtuko wa osmosisi, Percoll ya haraka kupunguza wanga, halafu pipeti kuchukua gameti chache zilizo safi. Mseto huo unashinda kila kimoja peke yake, na hauombi mashine ya kigeni.

Unataka methili au histoni: chujio mbili, SYBR Green au rangi nyingine ya DNA, kisha leza, hata kama ni kusafiri na sampuli. Viini vilivyokazwa kwa formalini vinavumilia safari kuliko gameti hai.

Unataka kuona kromosomu zilivyobadilishana vipande kwenye mseto wa aina mbili: hapa wengi hujichosha bure. Viini vitatu vya punje moja vimetokana na seli moja iliyozaliwa na mayosisi (mgawanyiko unaopunguza kromosomu nusu), na DNA yao ni ileile, kwa hiyo huna haja ya kutenganisha cha mrija na cha gameti. Huko Gatersleben, Ujerumani, viini vya chavua ya shayiri vimesomwa kimoja kimoja kwa kusudi hilo, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Unachohitaji ni kiini kimoja kwenye kila kitundu cha sahani, cha aina yoyote.

Unataka kujua kama jeni moja tu inafanya kazi kwenye gameti, na mmea wako unapandikizwa kirahisi: usitenge chochote. Unganisha kichochezi cha jeni hiyo na protini ya kijani, tazama chavua kwenye hadubini.

Kabla ya kulipia usomaji

Njia yoyote uliyotumia, sampuli haiendi kusomwa kabla ya vipimo vitatu. Kwanza DAPI, rangi inayoing'arisha DNA: kiini cha gameti ni kidogo, kimebanana, kinang'aa sana, cha mrija kimetawanyika na mng'ao wake ni hafifu. Hesabu angalau mia kadhaa, ukizitaja zote, hata zilizokuudhi. Pili, kwa gameti hai, diasetati ya fluoreseini, kipimo kilichoanzishwa kwa chavua na J. na Y. Heslop-Harrison mwaka 1970. Utando ukiwa mzima seli inakuwa ya kijani, ukiwa umetoboka rangi inavuja.

Tatu, PCR (kuongeza nakala za jeni ili zipimwe) ya jeni mbili. Moja iwe ya gameti, kwa mfano GCS1. Nyingine iwe ya seli ya mrija: LAT52 kwa nyanya, au ndugu yake Zm13 kwa mahindi. Zipime kwenye chavua nzima, kwenye gameti zako, na kwenye maji ya mwisho ya kuoshea, ambayo wengi huyamwaga sinkini. Zm13 ikipungua kwenye gameti kuliko kwenye maji, uchafu uko kwenye bafa na kuosha mara moja zaidi kutaupunguza. Ikibaki kubwa kwenye gameti wakati maji yameshakuwa masafi, basi vipande vya seli ya mrija vimeng'ang'ania kwenye gameti zenyewe, na Percoll haitaviondoa. Sampuli hiyo ipeleke kwenye pipeti au kwenye leza.